Vifaru vya karanga na trekta la theluji la binamu

Wadau, nimepotea sana, najua. Semista hii imenikaba shingoni, bumu limechelewa (kama kawaida yake), na chumbani tuko wanne kwenye nafasi ya wawili. Lakini wiki hii kuna kitu kimeninyima usingizi na hakihusiani na mtihani wowote. Kinahusu trekta. Tena trekta la kusukuma theluji!

Ngoja nianze mwanzo. Kwetu Tongoni, pale njiani ukitoka Tanga mjini kuelekea Pangani, wazee na vijana wana kikundi cha kuweka na kukopa. Fedha zipo kidogo, zimekusanywa kwa shida, nyingine za nazi, nyingine za mihogo, nyingine za dagaa. Wanataka chombo cha kulimia kabla ya masika. Sasa binamu yangu aliyeko Minnesota, Marekani, akapiga simu kwa mjomba. Anasema jirani yake anauza trekta dogo la bustani kwa bei ya kutupa. Litapakiwa kwenye kontena pamoja na mizigo ya watu wengine, kikundi kilipe usafiri na ushuru, basi. Kikao ni Jumamosi. Mjomba akanipigia jioni:

"Mwanangu, wewe ndiye uliyeko chuo kikuu. Wenzako huku wameshaanza kulipigia trekta vigelegele. Hebu nambie, tulichukue au tusilichukue?"

"Shikamoo mjomba. Lakini mimi nasoma historia, sisomi uhandisi."

"Marahaba. Basi nitazamie kwenye hiyo historia."

Nilicheka, halafu nikanyamaza. Maana kwenye historia jibu lipo, tena lipo hapa hapa nchini kwetu. Usiku ule niliacha nondo za mtihani nikaanza kuandika haya. Mtanisamehe kwa urefu.

Trekta la theluji ni nini hasa?

Binamu alituma picha. Trekta lenyewe ni dogo, ukikaa juu yake magoti yanakaribia kidevu. Kiangazi kazi yake ni kukata majani. Kunako mwezi wa kumi na moja, kabla theluji haijaanza, mwenye nalo analiandaa kwa kazi nyingine. Anafungua lile sanduku la visu chini ya tumbo na kuliweka stoo. Mbele anafunga bamba la chuma, pana kama mlango uliolazwa, linaloweza kugeuzwa kushoto au kulia ili theluji imwagikie pembeni. Nyuma ya bamba kuna springi, ili likigonga ukingo wa barabara liiname badala ya kuvunjika. Chini yake kuna viatu vya chuma vinavyolinyanyua kidogo lisikwangue kokoto.

Matairi ya nyuma yanavishwa minyororo yasiteleze kwenye barafu. Nyuma wanafunga vyuma vya uzito, wengine wanajaza maji yasiyoganda ndani ya matairi, maana trekta jepesi likisukuma mzigo linabaki kuzungusha magurudumu palepale. Oili inabadilishwa, inawekwa nyepesi, kwa sababu kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri oili nzito inakuwa kama asali na injini haiwaki. Wengine wanapaka hata nta kwenye bamba ili theluji isinate.

Kwa kweli nililipenda. Ni ufundi wa watu wanaoijua baridi yao. Hakuna kampuni iliyomfundisha yule jirani kila kitu. Amejifunza mwaka hadi mwaka, theluji ikimkwamisha mlangoni kwake mwenyewe. Kikiharibika kitu anatembea hadi dukani kununua spea.

Swali la mjomba ni je, chombo hiki kilichogeuzwa kwa theluji kinaweza kugeuzwa tena kwa udongo wa Tongoni? Hapo ndipo nikaikumbuka Kongwa.

Mwaka 1947, vifaru vyaitwa shamba

Vita Kuu ya Pili ilipoisha mwaka 1945, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Mwezi Machi 1946 bwana mmoja aitwaye Frank Samuel, mkubwa wa United Africa Company iliyokuwa chini ya Unilever, alipeleka wazo serikalini kwao: tulime karanga Afrika Mashariki kwa mashine, kwa wingi ambao haujawahi kuonekana. Serikali ikatuma ujumbe ukiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkuu wa kilimo Tanganyika. Wakazunguka miezi michache wakarudi na mpango: eka 3,210,000, zigawanywe katika mashamba 107, kila moja eka 30,000. Mashamba 80 yangekuwa Tanganyika, mengine Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo) na Kenya. Gharama ilikadiriwa kuwa kama pauni milioni 24.

Someni tena hiyo namba. Shamba moja eka 30,000! Mjomba wangu ana eka tatu na bado anasema magugu yanamshinda.

Mwanzoni mwa 1947 watu wa kwanza walifika Kongwa. Baadaye mradi ukaenda Urambo kule Tabora na Nachingwea kule kusini. Tatizo likajitokeza mapema: matrekta hayapo. Dunia nzima ilikuwa inajijenga upya baada ya vita, viwanda vilikuwa na foleni ndefu. Wakaanza kuokoteza. Walinunua mitambo chakavu ya jeshi la Marekani iliyokuwa imeachwa huko Ufilipino. Ilipofika Dar es Salaam mingi ilikuwa imeshakula chumvi imechoka, na spea zake ni za kutafuta kwa tochi.

Ndipo likaja wazo la vifaru. Vita imeisha, vifaru vya Sherman vimejaa, havina kazi. Kiwanda cha Vickers-Armstrongs cha Uingereza kikapewa kazi ya kuvigeuza kuwa matrekta. Walikata mnara wenye mzinga, wakaondoa deraya ya juu, wakabakiza sehemu ya chini yenye minyororo, wakaweka kiti cha dereva na mahali pa kufungia zana. Jina wakaunganisha, Sherman na Vickers, wakaliita Shervick. Kifaru cha tani 30 hivi kikawa trekta la kung'olea visiki vya Ugogo.

Kwenye karatasi ni wazo zuri sana, hata mimi ningepiga makofi. Panga limegeuzwa jembe! Wanasiasa wanapenda sana habari za namna hiyo.

Lakini Shervick halikufanikiwa. Ukifikiri kidogo unaelewa. Kifaru kimeundwa kukimbia, kusimama, kupiga, kukimbia tena. Hakikuundwa kuvuta mzigo mzito polepole kutwa nzima, siku baada ya siku, juani, kwenye vumbi. Kukitoa mzinga hakukifanyi kiwe ng'ombe. Sura ilibadilika, ila tumbo, gia na moyo vilibaki vya vita.

Na pori la Kongwa lilikuwa na vituko vyake. Lile si pori la miti mikubwa iliyosimama moja moja. Ni vichaka vilivyofungamana. Buldoza likivipitia vinalala, likishapita vinainuka tena kama havijaguswa. Chini kuna mizizi iliyosambaa inayokamata majembe ya plau. Udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa mgumu kama sakafu, na una mchanga mkali unaokula chuma. Plau zilikwisha kama sabuni. Nyuki waliokuwa kwenye miti waliwatoa watu mbio. Mvua nayo ilikuja isipotakiwa, na ilipotakiwa ikasusa.

Mwaka ule wa kwanza lengo lilikuwa kusafisha eka 150,000. Hawakufikisha hata sehemu ya kumi. Kwenye karakana mitambo iliyokufa ilipangwa mistari ikisubiri spea.

Waliokuwa shambani walibuni nini?

Sasa hapa ndipo ninapotaka mjomba anisikilize (na nyie mnaosoma uhandisi pale bondeni, mnisikilize vilevile).

Kitu kimoja kilichofanya kazi kule hakikutoka kwenye mpango wa London. Ni mnyororo wa nanga ya meli. Watu waliokuwa wakihangaika na pori wenyewe walifikia hatua hii: chukua mnyororo mzito wa nanga, funga ncha moja kwenye trekta hili na nyingine kwenye trekta lile, matrekta yaende sambamba, mnyororo ufagie vichaka vyote katikati. Trekta la tatu lifuate nyuma kusukuma miti inayokataa kulala. Inasimuliwa kwamba oda ya minyororo ilipofika London kuna mkubwa aliifuta akidhani ni utani. Nanga za meli za nini, Kongwa iko bara! Lakini njia yenyewe ilikuwa na akili, na mpaka leo mtindo huo wa kusafisha pori kwa mnyororo unajulikana Australia na Marekani.

Mnaona tofauti? Shervick liligeuzwa Uingereza na watu ambao hawakuwahi kung'ang'ana na kichaka cha Ugogo. Mnyororo ulibuniwa na watu ambao kichaka kilikuwa kimewashinda jana yake na kesho watakutana nacho tena. Chombo ni kigeni katika visa vyote viwili, hata mnyororo ulikuwa wa baharini. Ila huku aliyegeuza ndiye atakayekitumia, kule aliyegeuza anapokea hundi na kwenda nyumbani.

Mafundi wa Kitanganyika nao wasisahauliwe. Watu wengi, wakiwemo waliorudi kutoka jeshi la King's African Rifles, walijifunza udereva na ufundi kwenye mradi ule. Sijaona kitabu kilichowapa nafasi wanayostahili. Alan Wood, aliyekuwa mtu wa habari wa mradi, aliandika kitabu chake mwaka 1950, na wengi wetu darasani tunaijua Kongwa kupitia macho ya namna hiyo, ya wakubwa. Yule aliyelala chini ya trekta la Ufilipino akitoa spea kwenye maiti moja ili kufufua nyingine, jina lake hatulijui.

Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza mwisho. Pauni zaidi ya milioni 36 zilikuwa zimekwenda na maji. Reli iliyojengwa kule Mtwara na Nachingwea kwa ajili ya karanga iling'olewa miaka ya mwanzo ya 1960. Kongwa yenyewe ikawa ranchi ya ng'ombe, na kuanzia 1964 ikawa na makambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Ardhi haikukosa kazi. Zilizokosa kazi ni zile mashine.

Kwetu Tanga tulikuwa na somo jingine

Msije mkafikiri nasema mashine za kigeni hazifai. Mjomba angenicheka, maana ujana wake aliumalizia kwenye karakana ya shamba la mkonge. Mkonge wenyewe ni mgeni. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliingiza miche 1,000, ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutoka kwenye hiyo 62 mkoa mzima ukageuka.

Na mashine ya kukwangua mkonge ilitoka Ujerumani, ikiitwa Corona, ya kiwanda cha Krupp. Leo nenda shamba lolote la mkonge Tanga, waulize watu kiwanda kiko wapi, watakuambia "korona ile pale". Jina la mashine limekuwa jina la mahali! Mgeni amekuwa mwenyeji mpaka kapewa kiwanja.

Kwa nini korona ilikaa na Shervick likafa? Nimewaza sana hili. Jani la mkonge ni zito lakini nyuzi ndani yake ni kama asilimia 4 tu, na likishakatwa halisubiri. Kwa hiyo kiwanda lazima kiwe shambani, na usafiri uwe wa haraka. Wakatandika vijireli vyembamba na vitoroli ndani ya mashamba, baadaye matrekta na matela yakachukua nafasi. Kila kitu kikafuata tabia ya jani. Tena kila shamba kubwa lilikuwa na karakana yake, na mafundi wake, na chuma chake cha akiba. Korona ikisimama, shamba limesimama, kwa hiyo hakuna aliyesubiri barua kutoka ng'ambo. (Mateso ya manamba walioufanya mkonge huo ni habari nyingine nzito, nitaiandika siku yake. Hapa nasema mashine tu.)

Turudi kwenye kontena la binamu

Nilikaa na rafiki yangu anayesoma uhandisi tukapiga hesabu nyuma ya karatasi. Theluji mpya, kavu, ujazo wa mita moja kwa mita moja kwa mita moja, ina kama kilo 100 au pungufu. Udongo wa ujazo huohuo unazidi kilo 1,200, na ukiwa na maji ya masika ni zaidi. Tena theluji unaisukuma juu ya barabara ngumu. Udongo unauchana kutoka chini, na mizizi ya minazi imo, na mawe ya matumbawe yamo.

Pili, matrekta haya madogo yako ya aina mbili, na kwenye picha yanafanana kama mapacha. Kuna la kukata majani tu, ekseli yake nyepesi na gia boksi yake haifunguliwi, likichoka unatupa. Na kuna la bustani hasa, fremu nzito, ekseli ya chuma, linaloweza kuvuta plau ndogo. Ukilifunga plau lile la kwanza, gia boksi itakufa msimu uleule. Yote mawili yanaweza kusukuma theluji mlangoni, kwa hiyo binamu kuona linasukuma theluji vizuri hakumwambii kitu kuhusu kulima.

Tatu, joto. Chombo kinachofanya kazi nyuzi 20 chini ya sifuri kinapoozwa na hewa ya bure. Kwetu mchana ni nyuzi 30 na zaidi, injini inayopoozwa kwa hewa inaanza kulia. Oili nyepesi ya baridi itakuwa maji. Chujio la hewa litajaa vumbi. Yale maandalizi mazuri ya Minnesota inabidi yageuzwe moja baada ya jingine.

Nne, spea. Hapa moyo unaniuma kidogo, kwa sababu kikundi hikihiki kiliwahi kununua pampu ya maji ya mtumba. Ilifanya kazi msimu mmoja, ikapasuka kipira kimoja kidogo tu, na kipira hicho hakikupatikana Tanga wala Dar. Pampu iko kwa jirani mpaka leo, kuku wanatagia pembeni yake. Fedha zile zilikuwa za akina mama wa nazi, na hakuna aliyewaomba radhi.

Magofu yetu ya Tongoni yanalijua jambo hili kuliko mimi. Mwaka 1498 jahazi moja la Vasco da Gama, São Rafael, lilikwama kwenye miamba ya upande huu wa pwani. Lilinasuliwa likaenda zake. Lakini Januari 1499, wakirudi, walilichoma moto wenyewe, maana mabaharia wengi walikuwa wamekufa kwa maradhi na waliobaki hawakutosha kuendesha vyombo vitatu. Jahazi lilikuwa bado linaelea. Watu ndio walioisha.

Nilichomwambia mjomba

Jana usiku nilimpigia. Nikamwambia: Mjomba, historia haisemi usichukue, na haisemi chukua. Inasema uulize nani atakayelala chini yake likiharibika.

Nikampa maswali ya kupeleka kikaoni. Binamu apige picha ya tumboni, siyo ya ubavuni, na aandike namba iliyoko kwenye gia boksi. Atafute mkanda, chujio na plagi, aseme vipi kati ya hivyo vinapatikana Tanga, na kwa bei gani. Vyuma vya uzito na minyororo visiachwe Minnesota, maana vitatufaa kwenye tope. Na kama ni la aina nyepesi, wasilipie usafiri kwa ajili ya kulima. Labda livute tela la nazi barabarani, lakini hilo lisemwe mapema, mbele ya waliotoa fedha, siyo baada ya plau kukatika. Na bei yake ilinganishwe na pawatila, yale matrekta ya kusukuma kwa mikono yaliyoenea wakati wa Kilimo Kwanza mwaka 2009, ambayo mafundi wa mitaani wameshayazoea.

Mjomba alikaa kimya kidogo, nikadhani salio limekata. Halafu akasema:

"Hilo la picha ya tumboni ndilo nililokuwa nalitafuta. Wenzangu wanaangalia rangi." Akacheka. "Mwambie binamu yako mimi ndiye nitakayelala chini yake. Kwa hiyo anitumie mimi picha, asimtumie mwenyekiti."

Basi wadau, kikao ni Jumamosi na mimi mtihani ni Jumatatu. Sijui kipi kinanitisha zaidi. Nitawaambia kilichoamuliwa. Na kama kuna mwenye mzee aliyewahi kufanya kazi Kongwa, Urambo au Nachingwea enzi zile, jamani kaa naye, muulize, andika. Wazee hao wamebaki wachache mno.

Narudi kwenye msuli. Tuombeane.